Namna ya Kuua Bonanza la Chuo Kabla Jasho Halijatoka

Ndugu wajumbe wa kamati ya maandalizi, mkitaka kuua bonanza la chuo hamhitaji adui. Fulana zikimaliza bajeti, mgeni rasmi akichelewa na MC akiwa na mdomo mchafu, kazi imekwisha. Nawaandikia ninyi mnaolipanga: walezi wa wanafunzi, mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi, maofisa utumishi, na mhadhiri yule anayejikuta ndani ya kamati kwa sababu aliwahi kuonekana amevaa raba. Njia zote za mauaji nitakazozitaja zinaua kweli. Nazitaja ili mziache.

Sababu ya kujali ni nzito. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Huo ndio umri wa karibu kila anayelala kwenye mabweni yetu. Kijana huyo anasubiri boom ambalo halijaingia, ana kozi mbili za kusapu, anaogopa kudisko, na kule nyumbani ukoo mzima umeshamhesabu kuwa ndiye mkombozi. Mhadhiri wake ana rundo la karatasi za mtihani ambazo hazijasahihishwa, utafiti umekwama, na mzazi mgonjwa anahitaji dawa kila mwezi. Wakikutana koridoni wanaulizana habari za asubuhi, kila mmoja anajibu nzuri, wanapishana.

Na mazoezi yanasaidia. Februari 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zilizohusisha watu zaidi ya 14,000 wenye sonona. Kutembea, kukimbia taratibu, yoga, kunyanyua vizito, kucheza dansi, vyote vilipunguza dalili. Mazoezi makali yalisaidia zaidi, lakini hata kutembea tu kulileta nafuu yenye uzito. Kwa hiyo bonanza si mchezo wa kupoteza Jumamosi. Likipangwa vizuri linaweza kuwa mlango ambao mtu aliyejifungia anaupitia kutoka nje. Likipangwa vibaya linamthibitishia kwamba alifanya vizuri kujifungia.

Tuanze na njia ya uhakika kuliko zote, ile ya mgeni rasmi. Tangazeni kwamba watu wafike saa 12 asubuhi. Wapangeni mistari kwa idara, wavalisheni fulana, washikisheni bango. Mgeni rasmi aingie saa 3 kasoro. Kisha itifaki izingatiwe: mwenyekiti wa kamati amkaribishe mlezi wa wanafunzi, mlezi amkaribishe naibu makamu mkuu wa chuo, naibu amkaribishe mgeni rasmi, naye aeleze umuhimu wa mazoezi kwa dakika 40 mbele ya watu wanaozuiwa kufanya mazoezi ili wamsikilize. Ifikapo saa 4 jua limeshapanda. Binti wa mwaka wa kwanza aliyepiga pasi ndefu tangu jana mchana ameketi chini ya mwarobaini ameshika kichwa, na mwenzake anampepea kwa ratiba ya sherehe. Hapo ndipo filimbi inapulizwa. Watu wanatembea kilomita moja na nusu wakipigwa picha, wanarudi. Picha zimepatikana, mazoezi hayakupatikana.

Anayetaka bonanza liishi aanze bila hotuba. Kiongozi anayelipenda jambo hili avae raba, aje atembee katikati ya watu, na aliyonayo ya kusema ayaseme baadaye, wakati wa kunywa uji. Na huo uji uwepo. Mwanafunzi aliyekula mlo mmoja jana hafai kukimbizwa leo, na mwisho wa muhula wenye hali hiyo ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Fedha ya fulana za mamia ya watu inunue uji, ndizi na maji ya kutosha wiki kadhaa. Fulana zenyewe mara nyingi huja saizi ndogo na ya kati, na mtu mwenye mwili mkubwa anaianza siku akijua kwamba waliopanga hawakumfikiria.

Njia ya pili ni kumpa kikombe mwenye kasi. Sina ugomvi na kukimbiza kuku, mbio za magunia, wala kukimbia na yai kwenye kijiko. Hayo yanachekesha, na kucheka pamoja ni sehemu ya dawa yenyewe. Ugomvi wangu ni na bonanza ambalo moyo wake ni mechi ya wahadhiri dhidi ya wanafunzi. Watu 22 wanacheza, mamia wanasimama pembeni wakila karanga, na jioni ripoti inaandikwa kwamba jumuiya yote ilishiriki. Wanaocheza ni walewale waliocheza mwaka jana, watu ambao wangecheza hata pasipo bonanza. Anayehitaji mazoezi kuliko wote hayupo hata pembeni. Yuko chumbani amejifunika shuka. Tangazo alilisikia, na akajua halimhusu.

Huko London, kwenye bustani ya Bushy Park, Oktoba 2004, Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13 kwa mbio za kilomita 5. Hapo ndipo ilipozaliwa parkrun, ambayo leo hufanyika kila wiki katika nchi nyingi, bila kiingilio. Wana desturi moja ambayo ningependa kila chuo kiichukue: yupo mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kumaliza wa mwisho. Anatembea nyuma ya kila mtu, na kwa kuwa yeye ndiye wa mwisho, hakuna mgeni mwenye aibu ya kuwa wa mwisho. Februari 2024 waliondoa pia kwenye tovuti yao orodha za rekodi za kasi, ili wanaoanza wasitishike. Mtu wa mwisho hana gharama hata ya shilingi moja. Mpeni kazi hiyo mwenyekiti wa kamati, na ikiwezekana mkuu wa chuo.

Tena hatuna haja ya kusafiri mbali hivyo. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vinajua hili kwa vitendo. Alfajiri ya siku ya mapumziko unawasikia kabla hujawaona: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na kundi lote linakwenda mwendo mmoja, vijana, akina mama watu wazima, wanene kwa wembamba. Akipata msiba mwenzao, wanachanga na kwenda kukaa naye. Zanzibar nako kila Januari 1 vikundi vya mazoezi vinatoka kwa pamoja kuuanza mwaka. Katika mwendo wa namna hiyo hakuna anayempita mwenzake, kwa sababu wimbo ungekatika. Chuo kinachotaka watu wake wapumue kingefanya vizuri kualika kikundi cha mtaa wa jirani kije kiongoze wiki ya kwanza, badala ya kukodi spika kubwa na kupiga kelele.

Lakini kwenye mazoezi yetu pana jeraha la zamani, na kamati isiyolijua italitonesha. Wengi waliofika chuo walifundishwa mazoezi kwa fimbo. Aliyechelewa namba aliruka kichurachura kuzunguka mlingoti wa bendera. Darasa lililopiga kelele lilipigishwa pushapu. Aliyebaki nyuma kwenye mchakamchaka, pengine kwa pumu, pengine kwa kutokula, alimkuta mwalimu wa zamu getini ameshika kiboko. Miaka mingi ya hivyo inatosha kumfundisha mtoto kwamba kutoka jasho ni kulipa kosa. Sasa mtu huyohuyo, akiwa na miaka 21, anasoma kwenye ubao wa matangazo: ushiriki ni lazima, majina yatachukuliwa. Mtumishi naye anapokea waraka wenye maneno hayohayo na muhuri juu. Hiyo ndiyo njia ya tatu ya kuua, na ni ya haraka.

Ushiriki uwe wa hiari, na hiari hiyo ionekane. Mtu aweze kuja dakika kumi akaondoka bila kuulizwa. Aweze kuja amevaa suruali ya kawaida na kandambili. Mzani usionekane uwanjani, na yale mashindano ya maofisini ya nani atapunguza kilo nyingi yafutwe kabisa, kwani humo wamo watu wanaojinyima chakula kwa siri na tunawapigia makofi. MC nafasi yake ni kubwa kuliko anavyodhani. Akishika maiki na kumtania dada mnene ili kuchangamsha uwanja, watu watacheka, na wanene wote waliokuwepo hawatarudi. Wembamba wanaoogopa kunenepa nao wamesikia. MC wa aina hiyo anyang'anywe maiki palepale, mbele ya watu.

Njia ya nne inapendwa na wanaopenda teknolojia. Kila mshiriki apakue programu ya kuhesabu hatua, lengo liwe hatua 10,000 kwa siku, na orodha ya washindi ibandikwe kila Ijumaa. Namba hiyo ya 10,000 haikutoka maabara. Ilienea kutokana na matangazo ya kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee wa Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee karibu 17,000 Marekani: waliofikisha takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea takriban 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Wale ni wazee, wanafunzi wetu ni vijana, lakini funzo la kwamba kidogo nacho kina thamani linatuhusu sote.

Halafu tazameni nani ametupwa nje na hiyo programu. Mwenye kitochi ametupwa nje. Aliyeishiwa bando ametupwa nje. Anayetumia kiti mwendo hana hatua za kuhesabiwa, ingawa ameipanda miinuko yote ya chuo kwa mikono yake. Mwenye selimundu, ambaye daktari amemwonya asijichoshe kupita kiasi wala kukaukiwa maji, anaona jina lake mkiani kila Ijumaa kana kwamba ni mvivu. Na wapo watakaoongoza orodha kwa kutikisa simu wakiwa wamelala.

Hesabuni dakika. WHO inapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani ule mwendo ambao bado unaweza kuongea, na mwongozo wake wa mwaka 2020 ulitoa mapendekezo pia kwa watu wenye ulemavu na wenye magonjwa ya kudumu. Dakika 20 ni zilezile kwa anayekimbia, anayesukuma kiti mwendo, anayecheza rede nyuma ya bweni, anayeruka kamba, na anayenyoosha viungo sakafuni kwa sababu leo mwili umegoma. Daftari la kurasa 96 likae kwa CR wa kila darasa na kwa katibu wa kila idara. Kila mtu aandike dakika zake, na dakika zote zijumlishwe kuwa za kundi moja lenye wanafunzi na watumishi ndani yake. Darasa lishindane na jumla yake lenyewe ya wiki iliyopita. Hapo dakika kumi za mtu dhaifu zinapokelewa kwa furaha, kwani zimeongeza, na anayezileta anajua kwamba zilihitajika.

Ratiba nayo inaua kimyakimya. Mkiweka kila kitu Jumamosi asubuhi, Wasabato hawapo. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Mwezi wa Ramadhani anayefunga hawezi kukimbia saa 9 alasiri bila maji. Saa 5 mchana mwanafunzi mwenye ualbino hana pa kujificha na jua. Saa 2 usiku mabinti hawapiti njia ya uwanjani isiyo na taa, na wana haki ya kukataa. Siku moja kubwa haiwezi kumwenea kila mtu. Vipindi vifupi vitano kwa wiki, vingine alfajiri, vingine saa 11 jioni, kimoja ndani ya ukumbi na mapazia yamefungwa kwa mabinti wanaotaka kucheza bila macho ya wanaume, vinaweza. Karibu na kila kipindi kuwe na choo chenye maji na sabuni. Kwa aliye kwenye hedhi hilo peke yake linaamua kama atakuja.

Njia ambayo mimi inaniuma zaidi ni ile ya kuwapa wenye ulemavu kazi ya kushangilia. Wanaketishwa hema la mbele, wanapewa maji ya chupa, wanatajwa kwenye hotuba kama watu wa mfano, na mchana kutwa hawagusi mpira. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na vyuo vinawapokea wanafunzi hawa kila mwaka, lakini uwanjani tunawageuza wageni waalikwa. Angalieni jambo dogo kama kuanzisha mbio. Mwanafunzi kiziwi amesimama kwenye mstari, amejiandaa. Filimbi inalia nyuma yake. Anaona migongo ya wenzake ikiondoka, ndipo anajua mbio zimeanza. Kosa hilo linaondolewa na kitambaa chekundu kinachoshushwa mbele ya wote.

Mengine nayo ni rahisi hivyohivyo. Asiyeona anakimbia na mwenzake, wameshika kamba fupi kila mmoja kwa mkono wake. Voliboli ya kukaa, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1956, inahitaji wavu ulioshushwa na sakafu iliyofagiliwa, na ukimkalisha chini mrefu wa chuo utashangaa namna mwenye mguu mmoja anavyomzidi ujanja. Goliboli ilianza mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani: mpira una kengele ndani, wachezaji wote hufungwa vitambaa usoni, na watazamaji hunyamaza ili mpira usikike. Wapeni wahadhiri wavae vitambaa hivyo dakika kumi, wacheze dhidi ya wanafunzi wasioona. Wataelewa mambo ya uongozi wa chuo ambayo warsha nyingi hazijawafundisha. Na kabla ya yote hayo, wenye ulemavu wakae ndani ya kamati tangu kikao cha kwanza, wakiwa na kura.

Tunaposema watumishi, tunamsahau nani? Mlinzi aliyezunguka majengo usiku kucha ameshatembea kuliko profesa atakayetembea wiki nzima. Mama lishe wa kafeteria amesimama tangu saa 10 alfajiri akikoroga sufuria za maharage. Wafanyakazi wa usafi wamepanda ngazi zote za ghorofa nne, mara kadhaa, na ndoo mkononi. Kuwaambia hawa wajiunge na changamoto ya kutembea ni kuwaongezea kazi bila malipo. Waulizeni wanachokihitaji. Pengine ni dakika 15 za kukaa na kunyoosha mgongo, zikilindwa na msimamizi wao, zihesabiwe kwenye daftari kama dakika za mtu mwingine yeyote. Afya ya akili ya mlinzi haianzi uwanjani. Inaanzia kwenye zamu isiyozidi nguvu zake na mshahara unaofika kwa wakati.

Hilo linanifikisha kwenye hatari kubwa. Bonanza linaweza kutumika kufunika tatizo. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi na mshauri nasaha mmoja mwenye ofisi pembeni ya mhasibu, ambako kila anayeingia anaonekana na foleni ya ada, hakiwezi kujisifu kwa mbio. Mhadhiri aliyelemewa na vipindi hatapona kwa kuruka kamba kisha kurudi kwenye vipindi vilevile. Na mwanafunzi aliyefikia hatua ya kutaka kufa anahitaji mtu wa kumsikiliza leo, na daktari, na mara nyingine dawa. Mazoezi yanasimama pembeni ya hivyo, hayachukui nafasi yake. Na tunapotaniana kwa kusema fulani apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, tunamfundisha aliye karibu yetu kwamba akisema ukweli wake tutamcheka. Kwenye bonanza washauri nasaha wawepo, wamevaa kama watu wengine, wanatembea na watu, wanajulikana kwa sura. Mtu akishatembea na mshauri kilomita mbili, kesho kugonga mlango wake ni rahisi zaidi.

Pangeni wiki sita, msiridhike na siku moja. Wiki ya kwanza watakuja wengi kwa udadisi. Wiki ya tatu itakuwa na majaribio ya kati, idadi itashuka, na kamati itataka kukata tamaa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mwishoni, ripoti yenu iache kutaja washindi. Iandike ni wangapi kati ya waliojitokeza wiki ya kwanza walikuwepo bado wiki ya sita, na majina ya ambao hawakurudi yabaki kwa CR na kwa katibu wa idara, si kwa ajili ya kuwaadhibu. Jioni ileile ripoti inapokamilika, chukueni orodha hiyo kwao, gawaneni wawili wawili, mwende mkawagongee milango muwasalimie.